Ndege ya viti vya kifahari pekee: inaweza kusimama mbele ya mashirika makubwa?

(Hotuba iliyotolewa Malindi mbele ya wenye hoteli, mawakala wa tiketi, waongoza watalii na madereva. Tumeiweka nzima kwa ajili ya wasiofika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wetu mliokaa mbele, mama zetu wa hoteli, vijana wa tuktuk mliosimama mlangoni, asanteni kwa kuacha kazi zenu asubuhi ya leo.

Swali mlilotuita tulijibu ni hili. Akija mwekezaji akasema anaanzisha shirika la ndege lenye viti vya kifahari vitupu, bila hata kimoja cha bei ya chini, alete wageni wa Ulaya mpaka pwani hii na kuwapokonya wateja mashirika makubwa, tumwamini? Tumwekee vyumba kwa ahadi? Tununue gari jipya la kupokelea wageni wake?

Jibu tunalitoa mapema. Inawezekana, lakini njia yake ni nyembamba sana, na wengi waliojaribu walianguka hali kiti chao kilikuwa kizuri kuliko cha wakubwa. Hilo ndilo linalouma. Hawakushindwa kwa huduma. Walishindwa kwa hesabu, na walishindwa kwa ratiba.

Tuanze na hesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Chukueni gari la abiria 14, haya yanayokwenda Mombasa kila siku. Ng'oeni viti vyote, wekeni vinne vya sofa, zulia chini, maji baridi pembeni. Je, mafuta ya kufika Mombasa yamepungua nusu? Dereva atakubali nusu ya mshahara? Bima je? Fundi wa breki atawapunguzia kwa sababu mmebeba wanne? Hapana. Gharama ya safari inafuata gari, haifuati idadi ya waliokaa ndani. Kwa hiyo kila mmoja wa wale wanne lazima alipe nauli ya watu watatu na nusu, na akikosekana mmoja tu, robo nzima ya pato imebaki stendi.

Ndege ni vivyo hivyo. Boeing 757-200 katika shirika la kawaida hubeba watu 200 hivi. Mwaka 2005 shirika la Eos lilichukua ndege hiyohiyo, likaweka viti 48 tu, likaanza kuruka kati ya Stansted, nje kidogo ya London, na uwanja wa JFK wa New York. Viti 48! Kila abiria alipewa nafasi yake ya karibu mita 2 za mraba, na kiti kinachonyooka kikawa kitanda. Aliyeanzisha, Dave Spurlock, aliwahi kufanya kazi ya mikakati British Airways. Hakuwa mgeni wa biashara hii. Lakini ada ya kutua hupimwa kwa uzito wa ndege, haihesabu vichwa. Ada ya waongoza ndege wa angani inafuata uzito na umbali. Marubani ni walewale, na injini hukaguliwa kwa saa zilezile.

Sasa tukokotoe pamoja. Tarakimu hizi ni za mfano tu, ili mwone umbo la hesabu. Safari moja ya kuvuka bahari igharimu dola 90,000. Ukiwa na viti 76 na vyote vimejaa, kila kiti kinabeba mzigo wa dola 1,184. Wakipanda watu 49, mzigo unakuwa dola 1,837 kwa kila mmoja. Ukiwa na viti 48 na vyote vimejaa, ni dola 1,875. Wakipanda 24, ni dola 3,750. Mnaona mteremko ulivyo mkali? Kiti kimoja kitupu hapa si sawa na kiti kimoja kitupu kwa mkubwa. Mkubwa ana ndege ya viti 300. Wa mbele wakikosekana, wa nyuma wanalipa mafuta, na chini ya miguu yao kuna tani za shehena: maua, samaki, dawa, vipuri. Ndege nyembamba ya njia moja ya kupita katikati ina tumbo dogo, na huo mkate wa pili haiupati.

Kuna jambo dogo hapa ambalo watu wa nje hawalioni, nalo tunataka mlitazame kwa karibu. Kiti cha kulalia si kiti, ni mashine. Kina mota za umeme: moja inasukuma mgongo, nyingine inainua miguu, nyingine inatelezesha kiti kizima mbele. Kina nyaya, kisanduku cha kuziongoza, skrini na soketi ya kuchajia. Uzito wake unapita kilo 70, wakati kiti cha daraja la kawaida ni kilo 10 hivi kwa abiria. Mota moja ikikwama, kiti kimekwama nusu njia, hakisimami wala hakilali, na mgeni hawezi kukaa hapo wakati wa kuruka, kwa sababu sheria inataka mgongo wa kiti uwe wima. Katika ndege ya mchanganyiko, msimamizi atamhamishia abiria daraja jingine, atamrudishia sehemu ya nauli na kumwomba radhi. Katika ndege ya viti 76 vya aina moja iliyojaa, utamhamishia wapi? Hakuna nyuma. Mtu anabaki uwanjani. Ndiyo maana shirika la namna hii linahitaji stoo ya vipuri vya viti katika kila ncha ya safari yake, na fundi anayevijua. Gharama hiyo huikuti kwenye vijitabu vinavyong'aa vya wawekezaji.

Ndugu zangu, tusogee kwenye ratiba, kwa sababu hapa ndipo walipozama wengi.

Mtu wa benki wa London anayelipiwa tiketi na kampuni yake hanunui kiti. Tunarudia: hanunui kiti. Ananunua uhakika kwamba kikao kikichelewa saa mbili, kuna ndege nyingine saa tatu, na nyingine baada ya hiyo. British Airways peke yake ilikuwa na safari kadhaa kwa siku kati ya Heathrow, uwanja mkuu wa London, na New York. Shirika dogo lina moja, likijitahidi mbili. Ukiikosa ya saa kumi na moja jioni, kalale, uje kesho. Kiti kizuri kiasi gani kitafidia hilo?

Na kwa nini wadogo walitumia Stansted, au Luton, uwanja mwingine wa pembeni mwa London, wala si Heathrow? Si kwa kupenda. Mkataba wa mwaka 1977 kati ya Uingereza na Marekani ulikuwa unaruhusu mashirika manne tu ya nchi hizo mbili kuruka kati ya Heathrow na Marekani: British Airways, Virgin, American na United. Wenzao wote nje. Mlango huo ulifunguliwa tarehe 30 Machi 2008, mkataba mpya wa Ulaya na Marekani ulipoanza kazi, lakini nafasi za kutua Heathrow zilikuwa zimeshakuwa ghali kuliko ndege zenyewe kwa mtoto mchanga wa biashara hii.

Kisha kuna pointi. Msafiri wa mkubwa anakusanya pointi, na mwisho wa mwaka anampeleka mkewe na watoto likizo bure. Kampuni yake nayo imefunga mkataba wa punguzo: mtupe safari zenu zote, za Asia, za Afrika, za Marekani, nasi tutawapunguzia. Mwenye njia moja anawezaje kupunguza safari ya Singapore asiyoiruka?

Na mkubwa akiamua kukubana, anakubana. MAXjet, shirika jingine la namna hii, iliingia Stansted mwaka 2005, wiki mbili hivi baada ya Eos, na Boeing 767 zenye viti 102. Oktoba 2007 American Airlines nao wakaanza kuruka JFK na Stansted, njia ileile, uwanja uleule. MAXjet ikafunga tarehe 24 Desemba 2007, mkesha wa Krismasi, abiria wakiwa na masanduku mkononi. Eos ikafunga tarehe 27 Aprili 2008. Julai mwaka huohuo American wakaondoka Stansted. Hatuhitaji kusema nia yao ilikuwa nini. Tarehe zinatosha. Mkubwa ana mamia ya ndege. Njia moja ikila hasara miezi tisa, huioni kwenye hesabu zake. Mdogo akila hasara miezi tisa kwenye njia yake pekee, amekwisha.

Mafuta nayo yaliwamaliza, tusiwadhulumu marehemu. Mapema mwaka 2007, Silverjet, shirika la tatu la namna hii, ilipoanza kuruka kutoka Luton kwenda Newark, uwanja ulio jirani na New York, pipa la mafuta ghafi lilikuwa chini ya dola 60. Julai 2008 likagonga 147. Na ndege zao zilikuwa nini? Boeing 767-200, aina iliyoanza kazi mwaka 1982. Walizichagua kwa sababu kuzikodi kulikuwa rahisi. Lakini ndege kuukuu ni kama jahazi linalovuja: bei ya kununua ni ndogo, bei ya kulitumia haina mwisho. Silverjet ilisimama tarehe 30 Mei 2008, baada ya fedha za mwekezaji ilizokuwa ikizitegemea kutoingia. Mashirika matatu, ndani ya miezi mitano na siku kidogo.

Kuna fedha nyingine isiyoonekana. Mgeni akinunua tiketi kwa kadi mwezi Machi kwa safari ya Agosti, kampuni inayoshughulikia malipo ya kadi inajua kwamba shirika likifa Juni, yenyewe ndiyo itakayodaiwa. Basi huliambia shirika changa: fedha yako nitaishikilia mpaka abiria awe amesharuka. Mkubwa anapewa mapema, mdogo anasubiri. Mara shirika linapoonekana limechoka, asilimia inayoshikiliwa inapandishwa, na hapo ndipo roho inapotoka. Frontier ya Marekani, ambayo haikuwa hata ya kifahari, iliingia kwenye ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Aprili 2008 kwa sababu hiyohiyo. Wenye hoteli mnalielewa hili kuliko sisi: chumba kimeuzwa, fedha haipo, na mpishi anataka mshahara leo.

Halafu ndege iharibike. Ukiwa na ndege mbili na moja ikapata hitilafu Newark, nusu ya shirika imelala. Sheria ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inasema safari ya zaidi ya kilomita 3,500 ikifutwa bila taarifa ya mapema, kila abiria ana haki ya fidia mpaka euro 600, pamoja na chakula, hoteli na safari mbadala. Na mahakama kuu ya Ulaya iliamua mwaka 2008 kwamba hitilafu ya kawaida ya ufundi si kisingizio. Abiria 76 mara 600 ni euro 45,600. Juu yake uwanunulie viti kwa yule mkubwa unayeshindana naye, kwa bei ya siku hiyo. Mara tatu kwa mwezi, na faida ya mwezi imeondoka.

Basi hakuna aliyepona? Yupo. Na huyu tumsome vizuri.

Januari 2007, Mfaransa Frantz Yvelin alianza L'Avion, kati ya Orly ya Paris na Newark, Boeing 757 yenye viti 90. Mafuta yalipopanda, hakusubiri kuzama: Julai 2008 British Airways ilitangaza kuinunua kwa pauni milioni 54 na kuiunganisha na tawi lake la OpenSkies. Na British Airways yenyewe, pamoja na nguvu zake, baadaye iliweka viti vya bei nafuu kwenye ndege hizo, na mwaka 2018 ikalifunga tawi hilo. Lakini Yvelin alikuwa ameshajaribu tena. Julai 2014 ilianza La Compagnie, Paris na Newark, 757 yenye viti 74. Bado inaruka. Kwa nini?

Kwanza, haikumfukuzia mtu wa benki. Ilimlenga mwenye duka lake, daktari, wazee wanaosherehekea ndoa, mtu anayelipa kutoka mfukoni mwake na ambaye siku zake zinapindika. Huyo hadai ndege tano kwa siku. Anadai bei iliyo chini ya ile ya mkubwa kwa kitanda kinachofanana. Pili, ilijua kukata mkono unaooza. Mwaka 2015 ilifungua London Luton. Mwaka uliofuata, Septemba, ikaifunga, fedha zikabaki kwa njia ya Paris. Tatu, mwaka 2019 iliachana na 757 ikaleta Airbus A321neo, ndege mpya ya injini mbili inayokunywa mafuta machache kuliko ile, yenye viti 76 vinavyolala tambarare. Ikaongeza pia Nice na Milano, miji ambayo watu wake wana fedha na ambako wakubwa hawakujazana kama London. Ndege zenyewe ni mbili. Zaidi ya miaka kumi, na ndege ni mbili.

Hata wakubwa walipojaribu wenyewe walibanwa. British Airways mwaka 2009 ilianza kuruka kutoka uwanja mdogo wa London City kwenda JFK na Airbus A318, ndege ndogo kabisa ya ukoo wake, viti 32 tu. Njia ya kurukia ya London City ina mita 1,508. Ndege haikuweza kuruka hapo ikiwa imejaza mafuta ya kuvuka bahari, basi ikienda Marekani ilitua Shannon, Ireland, ijaze; na wakati mafuta yanaingia, abiria walimaliza uhamiaji wa Marekani palepale. Waligeuza udhaifu ukawa faida, na hilo tunalisifu kwa moyo mweupe. Ilidumu mpaka janga la 2020, kwa sababu mabenki ya Canary Wharf yalikuwa jirani na uwanja. Singapore Airlines nayo mwaka 2008 ilijaza A340-500, ndege ya injini nne, viti 100 vya daraja la biashara pekee mpaka Newark. Ikaacha 2013. Iliporudi 2018 kwa A350, iliweka viti 67 vya biashara na 94 vya daraja la kati. Mwenye mali zote zile, naye alichanganya.

Sasa turudi nyumbani. Ndege ya viti 76 inaweza kutoka Milano mpaka pwani yetu? Kwa umbali, ndiyo. Ni kilomita elfu sita na ushei, si mbali sana na Paris hadi Newark. Lakini itatua wapi? Njia ya kurukia ya Malindi ina mita 1,400 hivi. A321 iliyojaa mafuta ya kurudi Ulaya inahitaji zaidi ya mita 2,000, na joto letu linaongeza, kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi na bawa linapata kazi kuinua. Kwa hiyo leo hii itashuka Mombasa, kwenye njia ya mita 3,350, kisha mgeni aliyelala kwenye shuka nyeupe usiku kucha apande gari kilomita 120. Huko Mombasa atakuta Ethiopian na Turkish pia zinashuka, zenye daraja la biashara, zinazomuunganisha na miji mingi kupitia Addis Ababa na Istanbul. Atachagua ipi, na kwa bei gani?

La msimu ndilo zito zaidi. Babu zetu walisafiri wakifuata kaskazi na kusi, na jahazi likikaa gati miezi ya masika, halikumdai mtu kodi ya kila mwezi. Ndege inadai. Desemba 20 itakuja imejaa na kurudi tupu, kwa maana ni nani anayetoka Malindi kwenda Milano kwa kitanda juma la Krismasi? Wiki ya kwanza ya Januari itakuja tupu na kurudi imejaa. Basi hata katika kilele cha msimu, kwa siku hizo, nusu ya viti vimeruka bure. Halafu Aprili, Mei, Juni: mvua, hoteli zimefunga, nyinyi wenyewe mnapaka rangi na kukarabati makuti. Maldives kuna shirika la namna hii, Beond, lililoanza Novemba 2023 na Airbus A319 ya viti 44, likileta wageni wa fukwe. Wazo ni lilelile mnaloulizwa, lakini kule wageni wanafika kwa wingi miezi mingi ya mwaka, na uwanja wa Malé unapokea ndege kubwa za kila upande.

Kwa hiyo mwekezaji akija, mkaribisheni kahawa, kisha muulizeni kwa adabu. Ndege ni yake au ya kukodi, na imetengenezwa mwaka gani? Ana ndege ya akiba, au ameshasaini na nani wa kumkopesha ikiharibika? Kampuni ya kadi inashikilia asilimia ngapi ya fedha yake? Ana mtaji wa miezi mingapi kama viti vitajaa nusu tu? Miezi 6 haitoshi. Mwambieni aonyeshe 18. Akiomba vyumba 40 kwa msimu mzima, mpeni 10, na malipo ya kwanza yatolewe kabla mgeni hajafika, kwa sababu msafiri wa tiketi ya kadi atarudishiwa fedha na benki yake, lakini hoteli itapanga foleni na wadai wengine mbele ya mfilisi. Mwenye gari asikope gari jipya kwa ahadi ya ratiba. Akodi mpaka aone misimu miwili.

Na swali la mwisho mumwachie mezani, ajibu kwa maandishi: tarehe 15 Mei, mvua ikinyesha na ufuo wetu wa Silversands hauna mgeni, ile ndege itakuwa inaruka wapi, ikibeba nani, na kodi yake ya mwezi huo inalipwa kutoka mfuko gani?

Asanteni. Tuko hapa mpaka adhuhuri kwa maswali yenu.